Sauti Niliyoiwekea Leseni

Sauti ya shangazi yangu niliisikia ikitoka kwenye simu ya mtu nisiyemjua, mnadani Bariadi, kama saa nne asubuhi, na kitu cha kwanza kilichoniingia moyoni kilikuwa fahari. Naanza na hilo kwa sababu baadaye, nilipowahadithia watu mambo haya, nilikuwa nikiliruka. Nilikuwa nasema nilishtuka, au nilikasirika. Sikukasirika. Yule mtu alikuwa mchuuzi wa ng'ombe mwenye buti za mpira na fimbo kwapani, amesimama kwenye kivuli cha lori. Simu yake ilitoa kwanza tangazo la kubeti, kijana anapiga kelele kuhusu mkeka wa wikiendi, kisha ikanyamaza kidogo, halafu ikatoka sauti ndefu ya mwanamke anayewaita ng'ombe warudi nyumbani. Sauti hiyo niliirekodi mimi, kijijini kwetu Mwamapalala, karibu na zizi, kwa simu iliyopasuka kioo. Ukiisikiliza vizuri, kwa nyuma kuna mbuzi anakohoa. Yule mbuzi alikuwemo bado.

Nikamwomba mchuuzi anionyeshe. Ilikuwa aplikesheni ya soko la mifugo, yenye jina ambalo sikulijua na rangi ya kijani nisiyoichagua. Lakini ulipogusa kitufe cha kutambua ng'ombe kwa ngozi yake, mpangilio ulikuwa wangu, picha zilikuwa zangu, na kila picha ukiigusa shangazi alisema jina la rangi ile kwa Kisukuma, moja baada ya jingine, kwa utaratibu ule ule tulioupanga mimi na yeye.

"Mama huyu anajua ng'ombe," mchuuzi akasema. "Sijui wamemtoa wapi."

Nilitaka kumwambia. Nikacheka tu, nikaondoka, na siku nzima nilitembea mjini kama mtu aliyesifiwa hadharani.

Inabidi nieleze mimi ni nani na nilifikaje kwenye mambo ya kuandika programu. Shule niliacha kidato cha pili. Hakuna aliyenifukuza. Nilikuwa mtu wa kuuliza maswali ambayo hayamo kwenye mtihani, na siku moja nilitoka kwenda kutazama mashine mpya iliyofungwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na sikurudi darasani. Tangu hapo nimefanya kazi nyingi na sijadumu katika hata moja. Nimebeba marobota ya pamba. Nimekaa Mwandoya msimu mzima nikisoma mizani kwenye kituo cha kununulia pamba. Nimepakia dagaa Lamadi. Kila nilipokwenda niliondoka nikishajua kitu kinavyofanya kazi, na nikishakijua kilinichosha. Mwisho niliangukia kwenye kibanda cha fundi simu mmoja pale Bariadi, mtu mzima kidogo kuliko mimi, mpole, mwenye mzaha mkavu. Alikuwa na kompyuta kuukuu ya kufungulia simu zilizojifunga. Wakati hakuna wateja aliniachia niitumie, nami nikaanza kujifunza kuandika msimbo kutoka kwenye masomo ya bure ya mtandaoni, bando likiisha naandika kwenye daftari.

Kitu hiki hakikunichosha. Mpaka leo sijakielewa chote, na labda ndiyo sababu.

Wazo la aplikesheni lilitoka kwa shangazi mwenyewe bila yeye kujua. Shangazi ni dada wa baba yangu, na baba alipofariki ndiye aliyenilea. Ananiita "baba", kwa kuwa nimepewa jina la baba yake. Babu huyo hakujaliwa watoto wa kiume mpaka uzeeni, hivyo ng'ombe wake walichungwa na binti, na watu wa wakati ule walimcheka sana. Binti huyo ndiye shangazi. Alijifunza kwa babu kila jina la ngozi ya ng'ombe: mweusi aliyemwagikiwa na weupe tumboni ana jina lake, mwekundu mwenye uso wa majivu ana jina lake, mwenye madoa madogo mgongoni tu ana lake na mwenye madoa hayo hayo mpaka miguuni ana jingine kabisa. Majina hayo sitayaandika hapa. Mwenye kusoma mpaka mwisho ataelewa kwa nini.

Siku moja nilikuwa kwake, mtu akapita na kipaza sauti juu ya pikipiki akitangaza ng'ombe aliyepotea: mweupe, ana madoa meusi. Shangazi alikuwa anapepeta mpunga. Akacheka mpaka ungo ukamtikisika.

"Madoa gani sasa? Huyo atarudishiwa ng'ombe wa kijiji kizima."

Nikamuuliza yeye angesemaje. Akasema neno moja tu. Akaendelea kupepeta.

Nilirudi Bariadi na neno lile kichwani. Niliwaza kwamba kama kungekuwa na mahali pa kuangalia picha na kusikia neno, vijana wa siku hizi, ambao tunasema "mweupe" na "mweusi" basi, tungeweza kutangaza ng'ombe aliyepotea hadi ajulikane ni yeye na si mwingine. Nilizunguka na simu nikipiga picha za ng'ombe Mwamapalala, Shishiyu, mnadani, mpaka mtu mmoja akanishika shati akidhani ninachagua wa kuiba. Kisha nikamfuata shangazi.

Alirekodi asubuhi tatu. Alikuwa akikamua kwanza, ananawa mikono, anajitanda kitenge kama mtu anayekwenda kanisani, ndipo ananiambia nianze. Ninamwonyesha picha, anaitazama kwa muda, anasema neno. Mara nyingine alikataa picha: huyu umempiga jua limempotosha, kapige tena. Alisema majina sabini na moja. Asubuhi ya tatu, bila mimi kumwomba, alisimama akageukia bondeni akatoa ule wito wa kuwaita ng'ombe, ambao hakuwa ameutoa tangu alipoolewa. Ng'ombe wa jirani wakainua vichwa. Alicheka, akasema koo limezeeka.

Kisha akaniambia jambo ambalo nalikumbuka neno kwa neno, kwa sababu nimelazimika kulirudia mbele ya watu.

"Baba, haya ni ya baba yangu. Nimekupa uyachunge."

Kwetu mtu akikupa ng'ombe umchungie, kila mmoja anajua maana yake. Ng'ombe anakaa kwako. Maziwa unakunywa, samadi unatupa shambani kwako, maksai unalimia. Lakini ndama akizaliwa unapeleka habari, akifa unapeleka ngozi, na mwenyewe akija kumtaka unamfungulia. Hakuna karatasi. Watoto wanakua wakijua yule mwenye pembe iliyovunjika si wetu, ni wa fulani. Na jambo moja halifanyiki: uliyepewa kuchunga huwezi kumpa mtu mwingine achunge bila kurudi kwanza kwa mwenyewe. Mtu akifanya hivyo, hata kama ng'ombe hajadhurika, hapewi tena mnyama na yeyote.

Mimi nilikuwa nayajua haya kama ninavyojua kutembea.

Aplikesheni ilipokwisha, niliweka msimbo wake wote mtandaoni, kwenye ghala ambako waandika programu huonyeshana kazi. Niliweka kila kitu humo: msimbo, picha, na ile folda ya sauti. Nilitaka watu waone. Nilikuwa kijana wa kidato cha pili niliyejenga kitu kinachofanya kazi. Ghala lile linakuuliza swali moja kabla hujamaliza: leseni gani? Yaani watu wengine waruhusiwe kufanya nini na kazi yako. Nikamuuliza fundi. Yeye alikuwa ameishi na programu za wizi maisha yake yote, anazipachika kwenye simu za watu kama anavyowawekea vioo.

"Usipoweka leseni, mtu mwaminifu hataigusa," alisema. "Mwizi ataichukua hata ukiweka kufuli. Kwa hiyo wewe unamwandikia mwaminifu. Weka ile fupi."

Ile fupi nilikaa nayo siku mbili na kamusi. Sikuichagua nikiwa sijui inachosema, na hili pia nililiruka nilipokuwa nahadithia. Ilisema yeyote anaweza kutumia, kunakili, kubadilisha, kusambaza, hata kuuza, mradi tu asiondoe jina la mwenye kazi na yale maneno ya leseni. Nilipomaliza kuielewa nilifurahi sana, kwa sababu nilidhani naifahamu. Nilisema moyoni: kumbe hata wao wanachungishana. Anakunywa maziwa, lakini jina ni langu. Niliona kabisa mtu wa mbali akichukua msimbo wangu kisha ananiandikia: ndama amezaliwa, njoo uone. Na siku nikimtaka ng'ombe wangu, nafunguliwa.

Hakuna mahali kwenye maneno yale panaposema mtu atakuletea habari, wala panaposema utarudishiwa. Mimi ndiye niliyepajaza. Na juu ya faili lile niliandika jina langu na mwaka, na kwamba hakimiliki ya vyote vilivyomo ni yangu. Vyote vilivyomo. Folda ya sauti ilikuwa imekaa pale, hatua moja chini.

Jioni ya siku ile ya mnada, nikiwa kibandani, niliipakua aplikesheni ya kijani na kuitafutatafuta ndani. Nilipita mipangilio, nikapita sera ya faragha, na kwenye ukurasa wa mwisho kabisa, ule unaoorodhesha programu huria walizotumia, nikakuta jina langu. Herufi ndogo, chini ya majina mengine mengi, na maneno yote ya leseni yamenakiliwa bila kuachwa hata nukta. Kampuni ya Dar es Salaam ambayo sikuwahi kuisikia ilikuwa imetimiza kila nilichoomba.

Fundi aliusoma ukurasa ule juu ya bega langu.

"Hongera, ngosha," akasema, kama tunavyoitana wanaume huku. "Umepata mwaminifu."

Siku nne baadaye shangazi alipiga simu. Yeye hupiga simu kwa shida, huona kama anamsumbua mtu, hivyo nilijua ni jambo. Tulisalimiana, mwangaluka, mwangaluka, akauliza kama nimekula. Kisha akasema kwenye simu za watu kuna video fupi, ng'ombe wanatembea, tangazo la kubeti linapita chini yao kwa maandishi, na sauti inayoita ni ya kwake. Imezunguka Mwamapalala yote. Shangazi ndiye anayeongoza sala za akina mama kanisani kwetu, na ndiye anayeanzisha nyimbo, kwa hiyo sauti yake inajulikana na kila mtu hadi mtoto. Na si miezi mingi ilikuwa imepita tangu asimame kanisani mbele ya washirika kusema dhidi ya kubeti, kwa sababu ya vijana waliouza majembe ya kukokotwa na ng'ombe ili waweke mikeka. Sasa watu walikuwa wanasema amelipwa na watu wa kubeti. Wazee wa kanisa walikuwa wamemwita aende Jumapili.

Aliniuliza polepole, "Baba, ni wewe uliyewapa?"

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha fundi, mkononi nimeshika bisibisi. Nakumbuka niliitazama ile bisibisi.

"Wameiba, shangazi," nikasema.

Akashusha pumzi. Akasema basi, kama wameiba, atakwenda kuwaambia hivyo. Akanishukuru, wabeja, akakata.

Ningeweza kumpigia dakika ile ile. Nilijiambia kwamba ni karibu kweli, kwamba sikuwaruhusu kuitia sauti yake kwenye tangazo la kubeti. Lakini leseni niliisoma siku mbili na kamusi, na hakukuwa na kubeti wala kutokubeti ndani yake. Ilisema kwa lengo lolote. Ijumaa nilipanda gari la kwenda Lamadi. Nilimwambia fundi kuna kazi ya kupakia dagaa, na ni kweli ilikuwepo. Huko kuna kazi kila siku kwa mtu mwenye mgongo.

Nilikaa Lamadi wiki sita na simu nimeizima. Yaliyotokea Jumapili ile nilisimuliwa baadaye, si na shangazi, bali na mwalimu mmoja wa sekondari ambaye ni mzee wa kanisa. Si mtu mbaya. Alinisimulia akitazama chini.

Shangazi alisimama mbele ya wazee akasema sauti yake imeibwa, na kwamba mtoto wake, yaani mimi, amethibitisha. Mwalimu, kwa nia ya kumsaidia, aliifungua ile aplikesheni kwenye simu yake ili waone wezi ni akina nani, wapate pa kulalamikia. Akapekua mpaka ukurasa wa mwisho. Akakuta jina langu. Akasoma Kiingereza kimoyomoyo, na wazee wakamwambia asome kwa sauti, na kwa Kisukuma ili wote waelewe. Basi akatafsiri, amesimama, mbele ya shangazi: ruhusa inatolewa, bila malipo, kwa mtu yeyote atakayepata nakala hii. Na mwisho jina la mtoto, ambalo ni jina la baba yake.

Nilimuuliza mwalimu shangazi alisema nini.

"Aliniomba nirudie lile jina," akasema. "Nikarudia. Akakaa."

Hawakumfukuza. Walimwomba apumzike kuongoza, kwa muda, hadi maneno yatulie. Walisema tatizo si sauti tena, tatizo ni kwamba amesimama mbele yao akasema jambo ambalo si kweli.

Niliporudi Bariadi sikwenda Mwamapalala. Nilikwenda kwanza kwa mwanasheria, mama wa makamo anayekodi chumba karibu na mahakama, kwa sababu nilitaka kufika kwa shangazi nikiwa na kitu mkononi. Nilimweleza yote. Aliuliza maswali machache, akaisoma leseni kwenye simu yangu haraka kuliko nilivyoisoma mimi.

Alinieleza kwamba sheria ya nchi yetu inalinda programu ya kompyuta kama inavyolinda kitabu, na inaanza kuilinda pale pale unapoiandika, hata kama hujaiandikisha popote. Nikapata matumaini. Akasema lakini mwenye kitu akishatoa ruhusa ya namna hii, na aliyeruhusiwa akafuata masharti, hawezi kuamka siku moja akaikataa kwa kuwa imemuuma. Naweza kubadilisha leseni kwa kazi zijazo. Iliyokwishatoka imetoka.

"Na sauti?" nikauliza.

"Sauti ni ya nani?"

"Ya shangazi."

"Alikuandikia kwamba amekupa?"

"Hapana. Alinipa niichunge."

Alivua miwani. Yeye pia ni mtu wa huku huku.

"Basi wewe uliitoa ukiwa nani?"

Hilo, alisema, ndilo lililobaki. Anayetoa sauti ana haki zake mbali na haki za aliyeandika msimbo, na mimi sikuwa na mamlaka juu yake. Shangazi anaweza kuwaandikia wale watu na kudai sauti yake iondolewe. Lakini barua yake haitasimama bila yangu, na yangu lazima iseme wazi, kwa jina na sahihi, kwamba nilijitangaza kuwa mwenye haki ya kitu kisichokuwa changu. Aliniuliza kama niko tayari kuandika hivyo. Akaniambia nisijibu haraka, kwa sababu karatasi hiyo itabaki, na siku nyingine nikiandika programu na kuweka jina langu juu yake, mtu anaweza kuitoa na kuuliza: na hii je, ni yake?

Nilimwambia niko tayari. Nilikuwa na haraka ya kwenda kuipeleka Mwamapalala, kama mtu anayepeleka ngozi ya ng'ombe aliyefia mikononi mwake.

Shangazi nilimkuta shambani, anaondoa mabua ya pamba ya msimu uliopita na kuyarundika ayachome. Hakusimama. Nilianza kung'oa mstari wa pembeni yake. Tuling'oa mpaka mwisho wa shamba. Nilimsomea barua zote mbili, yake na yangu, kwa Kisukuma, na yangu niliisoma mara mbili.

Alisikiliza yote. Kisha akasema, na hakuwa na hasira, ningependa angekuwa nayo:

"Mimi nilikwambia uchunge. Nani alikwambia ugawe?"

Nilieleza. Nilieleza leseni, ghala, fundi, nilivyodhani watanirudishia. Nikamwambia nilifikiri ni kama kwetu. Alinikatiza hapo hapo.

"Kama ni kama kwetu, ungekuja kuniuliza."

Aliweka sahihi. Anaandika jina lake taratibu, kila herufi peke yake, kama alivyofundishwa katika madarasa ya watu wazima. Nilizituma zile barua, na kwa kweli ile kampuni ilijibu vizuri, kwa lugha ya heshima, ikasema haikujua, ikasema toleo lijalo halitakuwa na sauti ile na video imeshaondolewa. Walitimiza. Toleo jipya lilitoka na sauti ya kijana anayesoma majina yale kama yalivyoandikwa. Anayasoma vibaya. Mengine huwezi hata kujua anataja nini.

Niliipeleka barua ya majibu kwa wazee wa kanisa, nikasimama pale aliposimama shangazi, nikasema ninayoyaandika hapa. Mwalimu alinisaidia kuwasomea ile karatasi. Wazee walisikiliza, wakashukuru, na mmoja akasema ni vizuri vijana wajifunze. Shangazi akaambiwa anaweza kurudi kuongoza. Hajarudi. Hukaa benchi la tatu, na wimbo ukianzishwa na mama mwingine yeye huimba sauti ya chini.

Na ile sauti haikuondoka. Watu wa huku hawapakui aplikesheni, bando ni ghali. Wanarushiana simu kwa simu, mnadani, vijiweni, kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Toleo la zamani ndilo linalorushwa, kwa sababu wanasema lile jipya limeharibika, yule mama hayumo. Nimewaomba wachache walifute. Wananitazama kama mwenye wazimu. Mmoja aliniambia, bila kujua mimi ni nani, kwamba mwenye aplikesheni ile alikuwa mtu wa maana sana, kuwarekodia wazee wetu kabla hawajaisha.

Sauti zenyewe halisi, zile sabini na moja na wito, zilikuwa kwangu, kwenye kompyuta ya fundi na kwenye kadi ndogo; kule kwenye ghala la mtandaoni nilikuwa nimeshaziondoa. Nilipomaliza kuyaeleza haya yote kwa shangazi aliuliza kama zipo. Nikamwambia zipo. Akasema anataka zifutwe. Nilimwambia zitapotea, kwamba nyingine zinazozunguka zimebanwa ziwe nyepesi, zimekatwa mianzo, hizi ndizo nzima. Nilimwomba angalau zibaki kwake. Akauliza kadi ile aiweke wapi, kwenye mtungi?

Nilimletea simu na kadi. Tulikaa nje, mchana, jua kali. Nilimwonyesha orodha, nikamwuliza kama anataka kusikia hata moja kabla. Akatikisa kichwa. Nikazifuta akiangalia, kisha nikampa kadi mkononi, naye akaifunga ndani ya pindo la kitenge. Ile ya kwenye kompyuta nilikwenda kuifuta kesho yake, na fundi hakusema mzaha wowote.

Tangu hapo bado naandika msimbo kidogokidogo. Swali la leseni linapokuja huwa naacha pale, nafunga kompyuta, nakwenda kutafuta kazi nyingine ya mikono.

Mwezi uliopita nilikuwa Mwamapalala nikamsaidia kutoa ng'ombe zizini. Sasa ana watano. Mmoja wao ana uso wa majivu na kifua chenye weupe unaoshuka kama maji yaliyomwagika, na jina lake lilikuwa picha ya kumi na tisa, naikumbuka namba lakini neno limeanza kunitoka. Nilisimama mlangoni mwa zizi nikingoja shangazi aniambie nimtoe yupi kwanza. Nilitega sikio, nakiri. Aliwatazama wote watano, mmoja mmoja, na midomo yake ikafunguka kidogo, kisha akaifunga.

"Baba," akasema kwa Kiswahili, kama tunavyosema na wageni, "mfungulie yule mwekundu."